Mawe, Chaki na Ng'ombe wa Muheto

Baada ya Sake barabara inaliacha ziwa nyuma na kuanza kupanda. Kilomita kama 25 kutoka Goma ni tambarare, Ziwa Kivu upande mmoja na mawe meusi ya volkano upande wa pili. Kuanzia hapo ni udongo, kona na milima ya kijani yenye ng'ombe na mikaratusi. Kilikuwa kiangazi cha 2021. Nyiragongo ulikuwa umelipuka usiku wa tarehe 22 Mei, lava ikasimama Buhene, mlangoni mwa Goma, na siku chache baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama. Wengi walikimbilia Sake. Mkoa mzima wa Kivu Kaskazini ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa mwanzoni mwa mwezi huo huo. Gari letu lilibeba magunia ya chumvi, katoni za sabuni, abiria kupita kiasi, na mfuko wangu wenye kompyuta, projekta ndogo na filamu fupi za katuni. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa ili kuchekesha watoto.

Safari ilikuwa ya Muheto, ndani ya wilaya ya Masisi, ambako mwalimu mmoja alikuwa ameomba vijana wake waone filamu "ambazo si za kupigana". Njiani tulipishana na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zikiteremka zimesheheni viazi na makaa. Chombo hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mbao tupu, magurudumu yake yamevishwa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu, na breki ni kipande cha mpira kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Dereva hukikanyaga kwa mguu akishuka mlima na mzigo unaomzidi uzito mara kadhaa. Mpira unanuka kuungua kabla hujakiona chombo chenyewe. Goma imekijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, na yeyote aliyewahi kumwona mtu akishuka nacho kona za Masisi anaelewa kwa nini.

Masisi imepigwa picha nyingi mno, na karibu zote zinafanana. Kamera huja watu wanapokimbia vita: mama mwenye godoro kichwani, mtoto aliyebeba mtoto, turubai jeupe la hema. Picha hizo si za uongo. Lakini mtu aliyepigwa picha ya namna hiyo hana neno juu yake, hajui imekwenda wapi, na kule ilikokwenda yeye ni mkimbizi tu, hata kama asubuhi ile ile alikuwa fundi seremala, mwimbaji wa kwaya au mgomvi maarufu wa kijiji. Ndiyo maana nilikwenda na katuni. Filamu fupi za uhuishaji, zile zinazochukua maisha na kuyapindua mpaka yaonekane kama ndoto, zina uwezo wa kusema yaliyompata binadamu bila kumvua nguo mbele ya dunia. Naamini hivyo kwa dhati, na jioni ya Muheto ilinipa sababu zaidi.

Filamu ya kwanza ilikuwa "Machini", iliyotoka mwaka 2019, ya dakika kama kumi. Walioitengeneza ni Wakongo wawili wa Lubumbashi, Frank Mukunday na mwenzake Tétshim. Wote wawili walijifunza kazi hii wenyewe, bila chuo cha katuni, katika mji ambao haukuwa nacho. Malighafi yao ni mawe na chaki. Watu ndani ya filamu ni kokoto zilizopangwa: jiwe moja kichwa, jingine kiwiliwili, vipande vidogo mikono na miguu. Kamera inapiga picha, kokoto inasogezwa kidogo, kamera inapiga tena. Kazi hiyo ikirudiwa mara elfu kadhaa, kijiwe kinaanza kutembea, kinachoka, kinakohoa.

Kinakohoa kwa sababu filamu inahusu mji ambao viwanda vya madini vimetia sumu maisha ya wakazi wake. Mukunday na Tétshim hawakuhitaji kubuni sana. Lubumbashi ilizaliwa na shaba. Tanuri lake la kwanza liliwashwa mwaka 1911, na mpaka leo alama ya mji ni bomba refu la moshi pamoja na mlima mweusi wa takataka za madini uliorundikwa kando yake. Kongo ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine zote zikiwekwa pamoja, na sehemu kubwa inaingia kwenye betri za magari ya umeme yanayosifiwa ng'ambo kwa usafi wake. Kumwonyesha mkazi wa hapo kama jiwe ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Jiwe ndilo linalotafutwa. Jiwe lina bei, linapimwa, linasafirishwa kwa karatasi zenye mihuri. Wasanii hawa wawili wamechukua kitu chenye thamani machoni pa wanunuzi wa dunia na kukipa kifua kinachopumua.

Darasani Muheto tulitundika shuka juu ya ubao. Jenereta iliwekwa nje, nyuma ya ukuta wa mbao, na bado tulilazimika kupaza sauti. Vijana walijaa madawati, wazee wakapewa viti vya mbele, akina mama wakabaki karibu na mlango, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kutangulia, kwamba hii ni filamu ya ajabu kidogo, msishangae. Mwalimu alinishauri niache. Alikuwa na busara. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu ni mawe. Mzee mmoja aliuliza swali la kiufundi tu, kama mawe yale yalitoka mgodini au mtoni, kwa sababu kwake hayo ni mawe mawili tofauti.

Huenda ni kwa sababu katika milima hii mambo halisi yenyewe yana sura ya ndoto. Kusini mwa Masisi kuna Rubaya, ambako koltani huchimbwa kwa koleo na mikono. Eneo hilo hukadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, madini yatokayo kwenye koltani na kuwekwa ndani ya simu na kompyuta ili zihifadhi umeme kwenye vijisehemu vidogo kuliko punje ya mchele. Magharibi, wilayani Walikale, kuna Bisie. Baada ya kasiteriti, madini ya bati, kugunduliwa huko mwaka 2002, maelfu ya watu waliingia msituni, na wapagazi wakawa wanatoka na mizigo ya kilo 50 mgongoni, wakitembea njia ya matope ya siku nzima na zaidi hadi barabarani. Pale Kilambo, wilayani humo humo, ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami yenyewe, magari na waenda kwa miguu wakisubiri pembeni. Zikijaa mawe zilirukia hapo hapo kurudi Goma. Mchora katuni angeleta wazo hilo kwa mtayarishaji, angeambiwa amezidisha.

Kwa hiyo filamu ya William Kentridge iliingia bila kupiga hodi. Kentridge ni Mwafrika Kusini wa Johannesburg, na "Mine", ya mwaka 1991, ni mojawapo ya kazi zake za mwanzo katika mfululizo wa filamu alizozichora kwa makaa. Hufanya kazi kwenye karatasi moja kwa muda mrefu: anachora, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora juu ya alipofuta. Makaa hayafutiki yakaisha. Kila kitu kinachosogea kinaacha kivuli cha pale kilipokuwa, na mtazamaji anaona wakati uliopita ukiwa bado umeganda kwenye karatasi.

Ndani yake tajiri mmoja, Soho Eckstein, yuko kitandani asubuhi amevaa suti yake ya mistari. Anaandaliwa kahawa katika chombo cha kioo chenye kichujio cha kusukuma chini. Anasukuma. Kichujio kinapita kwenye sinia, kinapita kwenye kitanda, kinazama ardhini, na sisi tunashuka nacho: mabweni ya wachimbaji waliolala wamebanana kwenye vitanda vya saruji, mabafu yao, mashimo wanamopiga mwamba. Miili yao inapandishwa juu ikiwa imegeuka mali mezani kwa tajiri. Mwisho, kutoka chini kote huko, analetewa kifaru mdogo wa kutosha kiganjani, na anacheza naye juu ya shuka.

Watu waliomba kichujio kirudiwe. Tukarudisha. Kijana mmoja aliyewahi kuchimba Rubaya alisimama, akapita mbele ya mwanga wa projekta, akalala sakafuni kuonyesha kosa. "Huyu amelala mugongo," alisema. "Mu shimo letu unalala ubavu, mukono moja tu ndio iko na nafasi." Alibaki amelala hivyo kwa muda, mkono wake wa kulia ukipiga mwamba usiokuwepo, na kivuli chake kikawa kwenye shuka pamoja na wachimbaji wa Kentridge. Johannesburg iko mbali sana na Muheto. Kijana huyo alikuwa anamsahihisha mchoraji kama fundi anavyomsahihisha fundi mwenzake.

Suala la kifaru lilichukua muda zaidi kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja alitaka kujua nani atamlisha.

Kongo si mgeni katika sanaa hii. Katika miaka ya 1950, chini ya ukoloni wa Wabelgiji, padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza huko Kasai katuni za Mboloko, paa mdogo mjanja wa hadithi za wenyeji anayewazidi akili wanyama wakubwa. Zilikuwa katuni za misheni, na mafunzo yake yalikuwa ya misheni. Miongo kadhaa baadaye alitokea Mkongo aliyezichukua hadithi hizo mikononi mwake. Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Lubefu katika nchi ya Watetela, alianzisha studio inayohamahama, Malembe Maa, na mwaka 1991 akatoa filamu fupi ya chura anayekwenda kuwatembelea wakwe zake, hadithi aliyoitoa kwao.

Kisha ukaja Septemba mwaka huo huo. Wanajeshi wasiolipwa mishahara waliasi Kinshasa, wakavunja maduka na maghala, na raia wakajiunga nao. Kwa siku kadhaa mji mkuu ulibebwa mabegani, friji kwa friji. Kibushi hakwenda kutafuta picha za televisheni. Filamu yake ya mwaka 1992, "Kinshasa, septembre noir", imejengwa kwa michoro ya watoto walioyaona mambo hayo. Mikono inatoka kwenye mabega mahali pasipofaa, bunduki ni ndefu kuliko askari, gari lina magurudumu yote manne upande mmoja. Mtoto huchora kile kilichokuwa kikubwa kwake. Ukitazama bunduki hizo ndefu unajua mtoto alikuwa amesimama wapi.

Hiyo ndiyo filamu iliyowafanya akina mama wa mlangoni waingie ndani. Walisema watoto wao nao huchora hivyo, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani: nyumba, watu, na watu wengine wanaokuja. Halafu kuku wanapita juu ya mchoro. Hakuna aliyefikiri kuwa mchoro wa vumbini ungeweza kuwekwa kwenye filamu na kutazamwa na watu wazima waliokaa kimya.

Kutoka Nairobi nilikuwa na "Yellow Fever" ya Ng'endo Mukii, ya mwaka 2012, inayochanganya michoro na miili ya wacheza dansi kuzungumzia wanawake wanaojichubua ngozi. Mkorogo unajulikana Masisi kama unavyojulikana Kenya na Tanzania. Wasichana waliangua kicheko, wakatazamana, mmoja akafunika vidole vyake. Tuliipita haraka kwa sababu mafuta ya jenereta yalikuwa yanapungua na bado kulikuwa na filamu moja ambayo mwalimu aliing'ang'ania.

Ilikuwa kazi ya Jan Švankmajer wa Czechoslovakia ya zamani, ya mwaka 1982, kuhusu mazungumzo. Katika sehemu yake moja vichwa viwili vya wazee, vya udongo, vimekabiliana mezani. Kimoja kinatoa mswaki mdomoni, cha pili kinatoa dawa ya meno na kuipaka juu yake. Kiatu, na kamba ya kiatu. Mkate, na siagi. Penseli, na kichongeo. Maelewano matupu. Kisha wanabadilishana nafasi na mpango unaharibika: kichongeo kinakutana na dawa ya meno, siagi inapakwa kiatu, mkate unafungwa kamba, mpaka vichwa vyote viwili vinapasuka na kuhema kwa uchovu. Wakuu wa chama tawala cha huko hawakuipenda kabisa filamu hiyo, na si vigumu kuona sababu.

Wazee wa viti vya mbele walicheka mpaka machozi. Hapa ni mahali ambapo Wahunde, Wahutu, Watutsi na wengine wamekalishwa mezani mara nyingi kuliko kijiji chochote kinavyostahili. Mkoa umewahi kuunda hata baraza maalumu la jamii zake. Wanaijua meza hiyo. Mmoja wao aligeuka nyuma na kuwaambia vijana, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, kwamba amewahi kukaa kwenye mkutano kama huo na hata vichwa vyenyewe anavifahamu. Hakutaja majina na hakuna aliyemwomba.

Mambo yamebadilika sana Masisi tangu jioni hiyo. Waasi wa M23 waliichukua Rubaya mwezi Aprili 2024, na mwishoni mwa Januari 2025 wakaingia Goma kwenyewe, baada ya watu wa Masisi kwa maelfu kuwa tayari wanaishi kwenye makambi kandokando ya mji. Picha zimeongezeka, zile zile za godoro na hema. Goma ilikuwa imejenga kitu kingine: tangu 2002, mwaka ambao lava ilipita katikati ya mji, kituo cha Yole!Africa cha mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo kimekuwa kikifundisha vijana kushika kamera wenyewe, na tamasha lake la filamu lilianza mwaka 2005. Vijana wawili waliofika darasani Muheto walikuwa wamepita mikononi mwa wenzao wa Goma. Ndio waliosema, kesho yake asubuhi, kwamba kutazama kumetosha.

Ubao uliteremshwa ukutani na kulazwa juu ya madawati. Simu ilifungwa kwa raba kwenye fito iliyowekwa juu, jicho lake likitazama chini. Kokoto zilitoka kijitoni, zikaoshwa, zikakaushwa juani na kuchaguliwa kwa ubishi mkubwa: hili ni tumbo, hili ni pembe, hili halifai. Chaki ilikuwa ya shule. Filamu ya kawaida hupita picha 24 kwa sekunde. Kwa kazi ya mkono 12 zinatosha, maana yake dakika moja inadai picha 720, na kati ya kila picha na inayofuata mtu lazima asogeze jiwe kiasi cha upana wa kucha na aondoe mkono. Wingu likipita, mwanga wa mlangoni unabadilika, na kwenye filamu anga linapepesa kama taa mbovu. Walipoona hivyo walitaka kufunga dirisha. Msichana mmoja akakataa: milima ya Muheto ndivyo ilivyo, alisema, mawingu hayasimami.

Hadithi waliipata kabla ya chai. Mtu anatoka Muheto na ng'ombe wake kwenda kumuuza Sake. Anafika kizuizi cha kwanza, kamba imevutwa barabarani, anaambiwa alipe. Hana pesa, ana ng'ombe tu, kwa hiyo anakatwa kidogo kutoka kwa ng'ombe. Kizuizi cha pili, vivyo hivyo. Ng'ombe hafi wala hatoki damu, anapungua tu. Anakuwa ndama, anakuwa mbuzi, anakuwa kuku, na mwenye mali anazidi kumvuta kwa kamba ile ile kana kwamba hajaona kitu. Katika ripoti yake ya 2017, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji iitwayo IPIS ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili, vya jeshi, vya waasi, vya idara za serikali na vya watu wengine, na ikaeleza kwamba karibu kila kinachopita hutozwa. Vijana hawakuisoma ripoti hiyo. Walianza kuvitaja kwa vidole vizuizi vya njia yao, kimoja baada ya kingine, na vidole vikaisha kabla barabara haijafika Sake.

Shida ikawa mwisho. Kundi moja lilitaka mtu afike sokoni na kamba peke yake, na mnunuzi amuulize bei ya kamba. Wengine walipinga kwa ukali. Walisema safari ya kurudi lazima ionyeshwe, na katika safari ya kurudi ng'ombe akue tena kizuizi kwa kizuizi, kwa sababu hakuna mtu wa Masisi anayekubali kuwa ng'ombe wake ameisha. Msichana wa mawingu alitaka kizuizi cha mwisho kiwe cha mwenye ng'ombe mwenyewe: afike nyumbani, avute kamba barabarani, asubiri atakayepita. Mwalimu alisema hilo ndilo la kweli na ndilo asilotaka kuliona kwenye filamu ya shule yake. Walikuwa bado wanabishana wakati kokoto za kwanza zilipoanza kusogezwa, maana kwa vyovyote, mwanzo wote walikubaliana nao: ng'ombe mkubwa, mnene, jiwe jeupe kuliko yote yaliyotoka kijitoni, amesimama juu ya ubao na mstari wa chaki shingoni.